Mji Ukutani: Picha za Miji katika Nyumba za Karagwe na Kyerwa

Kabla picha haijapata pa kutundikwa Karagwe, palikuwa na ng'ombe wa chuma. Novemba 1861, John Hanning Speke na James Augustus Grant walipofika Bweranyange kwa Rumanyika, Omukama (mfalme) wa Karagwe, waliona ndani ya nyumba ya mwenyeji wao vinyago vidogo vya ng'ombe vilivyofuliwa kwa chuma, pamoja na kazi za shaba, vimepangwa penye nguzo kuu. Speke alivitaja katika kitabu chake cha 1863. Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley, naye akapelekwa kwenye nyumba ya hazina: bata wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wasio na vichwa, mikuki, na zawadi za wageni wa kila namna. Vilikuwa vitu vya enzi, na vilikuwa pia vitu vya kuonyeshwa. Naanzia huko kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kupamba nyumba kwa ajili ya macho ya mgeni ni tabia iliyoshuka kwenye basi la Mwanza juzi.

Picha yenyewe iliikosa Karagwe kwa sababu ya joto. Grant alikuwa na kamera. Picha alizopiga Zanzibar mwaka 1860 ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za kisiwa kile. Enzi hizo mpiga picha alitembea na sahani za kioo na dawa zake, na kila picha ilibidi iandaliwe na kusafishwa palepale, gizani. Grant akajifungia hemani huku jua la bara likiwaka juu ya turubai. Speke akaona mwenzake atamfia mikononi, akairudisha kamera pwani. Hivyo Grant alipobaki Karagwe miezi kadhaa mwaka 1862 akiuguza mguu, na Speke ametangulia Buganda, alichokuwa nacho ni penseli na rangi za maji. Michoro yake inatunzwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Anayetaka kuona Karagwe ya wakati ule hana budi kutazama kazi ya mpiga picha aliyenyang'anywa kamera.

Lakini tuseme Grant angepiga picha na kumwachia Omukama moja. Angeitundika wapi? Nyumba ya msonge haina ukuta. Paa la nyasi huanzia kileleni na kushuka mpaka chini. Ndani kuna nguzo, viambaza vya matete na moto. Mkuki unaegemea nguzo, kibuyu kinaning'inia, ng'ombe wa chuma anasimama. Karatasi bapa haina pa kukaa, na moshi ungeimaliza kabla ya mvua za pili. Kwa hiyo anayesimulia historia ya picha katika nyumba za Karagwe na Kyerwa huanza na historia ya ukuta, na ukuta ulikuja polepole.

Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwishoni mwa 1890. Wamisionari Wakatoliki na baadaye Walutheri wakajenga nyumba za pembe nne zenye madirisha, na nyumba hizo zikawa kipimo. Machifu, makatekista na makarani ndio waliotangulia kuiga. Wengine walingoja kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BNCU, kiliundwa mwaka 1950. Julai 1953 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na mwaka 1954 bei ya kahawa duniani ikaruka. Mkulima wa Nyaishozi au Kaisho hakuhitaji kuijua Brazil ili bei ile imfikie. Kilichofuata kilionekana kwa macho: bati, mlango wa mbao, fremu za madirisha, kuta za udongo zilizosawazishwa na kupakwa chokaa. Mgeni akikaribishwa kiti, mbele yake kuna eneo jeupe, tupu, lenye urefu wa mtu na zaidi. Eneo hilo liliomba kitu.

Sasa, mji uliokuja kukaa pale haukuwa Dar es Salaam. Sensa ya 1957 iliwakuta Dar es Salaam watu wapatao 128,000, mji mkubwa kuliko yote Tanganyika, lakini kutoka Karagwe ulikuwa zaidi ya kilomita 1,300, barabara na reli na meli vikipokezana. Kampala ilikuwa karibu zaidi. Unavuka mto Kagera pale Murongo, unatokea Kikagati, unapanda Mbarara, unapita Masaka, umefika. Maelfu ya watu kutoka Tanganyika, Ruanda na Urundi walikwenda Buganda kulima pamba na kahawa za watu, kuchunga, kupika na kufua katika nyumba za mjini. Mwaka 1954 Audrey Richards alihariri kitabu kizima juu ya wahamiaji hao. Wengine walikwenda miezi michache wakarudi na baiskeli. Wengine walikaa miaka. Huku nyuma, upande wa Kyerwa, migodi ya bati iliyokuwa ikichimbwa tangu enzi za mwanzo za Waingereza ilikuwa imeshawazoesha watu mshahara, duka la Mhindi na saa ya kazi.

Mtu wa namna hiyo alituma nini nyumbani? Fedha, akizipata. Barua, kama alikuwa na wa kumwandikia na wa kuisoma. Na picha, ambayo haikuhitaji msomaji. Kwa mzazi aliyebaki Nkwenda, picha ilimwambia mambo matatu kwa mpigo: mwanao yu hai, amevaa viatu, na mji upo kweli.

Picha hizo zilikuwa ndogo. Kamera za sanduku na zile za kukunja zilitumia filamu pana, na fundi aliweza kutoa nakala moja kwa moja kutoka negativi bila kuikuza, sentimita 6 kwa 9, nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa meno-meno. Ukubwa wa postikadi ulikuwa anasa. Ukibahatika kuiona moja leo, igeuze kwanza: mara nyingi nyuma kuna mhuri wa studio, tarehe kwa wino wa bluu, au salamu fupi. Upande wa mbele mwenyewe amesimama wima, mkono mmoja juu ya usukani wa baiskeli, saa ya mkononi imesogezwa makusudi ili ionekane. Mji uko nyuma yake. Barabara ya lami, nguzo za umeme, duka lenye baraza na maandishi ya Kiingereza, gari aina ya Morris lililoegeshwa. Mpiga picha hakuwa na nia ya kupiga mji. Mji uliingia kwa sababu mteja alitaka ushuhuda. Ndiyo maana napenda picha hizi kuliko postikadi rasmi za wakati ule, zilizopigwa na watu waliosubiri barabara iwe tupu.

Waliobaki ndani ya studio walipewa mji uliochorwa. Pazia nyuma ya kiti lilikuwa na ghorofa, ziwa lenye meli, ndege ikipaa, ngazi za jumba ambalo halikuwahi kujengwa popote. Afrika Mashariki nzima iliyajua mapazia hayo, na wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, waliendelea nayo mpaka miaka ya 1990, wakiongeza kila kitu ambacho mteja alitamani kusimama mbele yake. Usiwacheke. Pazia lililochorwa ni rekodi ya mji kama ulivyowazwa, na kwa mwanahistoria hilo si jambo dogo.

Kwa wale wa Karagwe walioelekea mashariki badala ya kaskazini, mji ulianzia Bukoba: maduka ya Wahindi yenye baraza za nguzo, gati, na meli za Ziwa Viktoria zilizozunguka Mwanza, Musoma, Kisumu na Port Bell. Meli Victoria ilipoanza kazi mwaka 1961, kupiga picha na meli nyuma kukawa karibu sawa na kusafiri. Mwanza ilijitambulisha yenyewe kwa mawe yake ziwani. Hakuna aliyehitaji kuandika jina nyuma ya karatasi.

Zilipofika nyumbani picha hizi hazikukaa peke yake. Ukuta wa sebule katika miaka ya 1960 ulikuwa na itifaki yake. Juu kabisa kwa Mkatoliki alikuwepo Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali na Papa Yohane XXIII Machi 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufikia cheo hicho, tena mtoto wa mkoa huu huu. Kwa Mlutheri alikuja kuwepo Josiah Kibira, askofu, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Kwa wote alikuwepo Mwalimu Nyerere. Chini yao kalenda, ya mwaka huu na za miaka iliyopita kama picha yake ilikuwa nzuri. Penye nyufa au udongo uliomeguka pakabandikwa kurasa za magazeti. Gazeti Kiongozi la Tabora, lililoanza 1950, lilisomwa mara ya kwanza kanisani na mara ya pili kwa miaka ukutani. Kisha ndipo fremu ya familia, kioo kimoja kikubwa chenye picha ndogo kumi na tano zilizopangwa bega kwa bega: harusi, kipaimara, marehemu, na yule kijana wa baiskeli akiwa Kampala.

Zilitundikwa juu sana. Karibu na boriti, zimefungwa kwa kamba au waya na kuinamia mbele kidogo, zikimtazama aliyeketi. Wapambaji wa siku hizi wanasema picha ikae usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Mimi naona wazee walikuwa na akili yao. Sebule ya Karagwe si ukumbi wa maonyesho ambako watu hupita wamesimama. Mgeni huketi, huletewa kahawa au rubisi, na kuzungumza kwa saa nzima. Picha ya juu iliyoinama humfikia akiwa kwenye kiti, haiguswi na watoto, na mwanga wa mlangoni hauakisi kwenye kioo chake.

Kukatika kwa picha hizi kuna tarehe. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo iliwagusa Waasia wengi wa Tanzania wenye nyumba za kupangisha mijini, na wengine wakaanza kuondoka. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Studio nyingi za Kampala, Masaka na Mbarara zilikuwa mikononi mwao. Mteja alikuwa na nakala moja. Negativi ilikuwa dukani, ndani ya bahasha yenye namba, na duka likafungwa. Kwa familia ya Kyerwa yenye picha ya 1956 ukutani, hapo nakala yao iligeuka kuwa picha ya pekee duniani, bila wao kupata habari.

Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa mwanzoni mwa Novemba, na Kampala ikaanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania Aprili 1979. Mkoa uliokuwa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera. Katika mazingira hayo, nadhani Kampala ilitoka ukutani bila kutolewa amri na yeyote. Ilishuka wakati wa kupaka rangi upya, ikaingia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na stakabadhi za kahawa na vyeti vya ubatizo. Kahawa nayo ilivuka mpaka kwa magendo, lakini anayepita njia za panya usiku hapigi picha.

Picha za rangi zilipoenea, hasa miaka ya 1980 na 1990, zilikuja na udhaifu ambao hakuna aliyeutangaza. Rangi zake hufifia. Nyingi leo zimekuwa nyekundu-nyekundu, na sura ya bibi harusi imeyeyuka. Zile nyeusi na nyeupe za 1955, zilizotengenezwa kwa fedha juu ya karatasi nzito, bado zinaonyesha vifungo vya koti. Ajabu ni kwamba za zamani ndizo zilizowekwa sandukuni, na za karibuni ndizo zilizoachwa juani.

Majirani walishtuka mapema kidogo. Mbarara, kituo cha kwanza cha Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, aendaye Kampala, alikuwepo Musa Katuramu, aliyepiga picha za watu wa Ankole kuanzia miaka ya 1930. Negativi zake zilibaki kwa familia, na mradi uitwao History in Progress Uganda, ulioanza 2011, ukazionyesha upya kwa umma. Zanzibar, Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 iliendelea mikononi mwa mwanawe, na picha zake za Mji Mkongwe wa kabla ya 1964 zikawa bidhaa yenye wateja wa kudumu: watalii, na Wazanzibari wa ughaibuni. Ingia sebule ya Mswahili mjini Muscat na si ajabu ukaikuta Forodhani ya zamani ndani ya fremu ya dhahabu. Kule picha ya mji inabeba kazi ambayo haiwezi kubebwa na picha ya mtu, kwa kuwa aliyeondoka anaukumbuka mtaa mzima.

Sisi tumefanyaje? Barabara ya Kyaka hadi Bugene imepata lami, Kyerwa imekuwa wilaya tangu 2012, na nyumba za matofali ya kuchoma zenye dari na vigae zinaota Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Rubwera kila msimu wa kahawa unapokwenda vizuri. Ukuta umerudi kuwa mweupe na mpana. Na soko limeleta cha kuujaza: New York ya miaka ya 1950, nyeusi na nyeupe, teksi moja tu imepakwa njano, London yenye basi jekundu peke yake katika mji wa kijivu, Paris yenye mvua, na wale mafundi wa New York wa Septemba 1932 wanaokula mchana juu ya boriti la chuma. Ni picha nzuri, sipingi. Wapiga picha wa miji ile walikuwa mabingwa. Lakini mgeni akiuliza, "Hapo ni wapi, mzee?", jibu linaishia dukani. Hakuna wa nyumba hiyo aliyewahi kushuka kwenye teksi ile. Na katika chumba cha tatu, chini ya kitanda cha bibi, ipo Kampala ya miaka ileile, yenye lami ileile na suti zenye kola zilezile pana, na ndani yake yumo babu.

Kuitambua picha ya namna hiyo si kazi ngumu kama mtu anajua cha kutazama. Kampala ina mnara wa saa uliojengwa kwa ajili ya ziara ya Malkia Elizabeth ya 1954, safari ileile aliyofungua bwawa la Owen Falls kule Jinja tarehe 29 Aprili. Picha yenye mnara haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ukiliona jengo la Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho, ni 1959 au baadaye. Ukiiona sanamu ya uhuru ya Gregory Maloba, ni 1962 au baadaye. Dar es Salaam ina Mnara wa Saa wa 1961 na Hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa 1965, ambayo ikishaingia kwenye mandhari ya bandari haifichiki. Sanamu ya Askari haisaidii, ipo tangu 1927. Namba za magari nazo husema: zinazoanza na U ni za Uganda, zinazoanza na K ni za Kenya. Upana wa suruali ni shahidi mzuri kwa muongo, si kwa mwaka. Na kuliko yote, muulize mzee angali anakumbuka, kisha andika alichosema kwa penseli laini nyuma ya picha, pembeni, bila kukandamiza.

Usitundike picha yenyewe ya zamani. Ipeleke ikaskaniwe kwa kiwango cha juu, nukta 600 kwa inchi au zaidi, maana karatasi ya sentimita 6 kwa 9 iliyotoka moja kwa moja kwenye negativi huwa na mengi kuliko macho yanavyodhani. Ikikuzwa hadi A3, mabango ya maduka huanza kusomeka, na huonekana watu waliokuwa wakipita nyuma bila kujua kwamba wanapigwa. Kataa fundi anapotaka kukufutia mikwaruzo yote, kubadilisha anga au kupaka rangi koti la babu. Achapishe juu ya karatasi isiyong'aa. Kati ya picha na kioo pawekwe ukingo wa karatasi ngumu, kwa sababu katika unyevu wa masika picha hunata kwenye kioo, na ikishanata, kuibandua ni kuichana. Ukuta wa ndani, unaogawa vyumba, ni bora kuliko ule unaopigwa na mvua kwa nje. Jikoni hapafai, wala mkabala na mlango wa magharibi.

Familia ambayo sanduku lake liliungua, au lilipotea katika kuhama, ina mlango mwingine: Idara ya Habari, MAELEZO, inatunza na kuuza nakala za picha za kihistoria za Tanzania, zikiwemo za Dar es Salaam ya kabla na baada ya Uhuru. Lakini hiyo ni Dar es Salaam ya serikali, ya sherehe na majukwaa. Kampala ya mpishi wa Kaisho haimo humo. Imo majumbani tu, na wenye kuweza kutaja majina ya waliomo wanapungua kila mwaka. Toa nakala mbili, moja ya ukutani na moja ya ndugu aliye mbali. Ya asili irudi kwenye bahasha ya karatasi, si ya nailoni, na ikae juu ya kabati, mbali na sakafu, kwani mchwa wa Karagwe hawabagui kati ya boriti la paa na Kampala ya 1955.